Kufunga na kuomba Januari: Asili yake, maana yake na mipaka yake

MWAKA mpya unapoingia, makanisa mengi ya mijini hayaishii kwenye mkesha wa Desemba 31. Mara baada ya vigelegele vya saa sita usiku, waumini hutangaziwa ratiba nyingine: siku tatu, saba, 21 au hata 40 za kufunga na kuomba. Katika wiki za kwanza za Januari, katika miji kama Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi, wapo wanaofika kanisani alfajiri kabla ya kwenda kazini, na wanaorudi tena jioni wakiwa hawajatia chakula kinywani tangu usiku uliotangulia.

Desturi hiyo imeenea kiasi kwamba baadhi ya waumini huichukulia kuwa amri ya Biblia. Wengine, hasa walio katika madhehebu ya zamani, huiona kuwa jambo la juzi lililoletwa na makanisa ya kipentekoste. Pande zote mbili zina walakini. Hakuna andiko linalomwamuru Mkristo afunge mwezi Januari. Hata hivyo, wito wa kufunga siku za mwanzo wa mwezi huo ulikwisha kutolewa na viongozi wa Kanisa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Kulifahamu jambo hilo kuna faida, kwa kuwa Januari ni mwezi mgumu. Ni mwezi wa ada za shule, kodi ya nyumba na madeni ya sikukuu. Mtu aliyebanwa na shida ni rahisi kuaminishwa kwamba kadiri anavyoongeza siku za njaa, ndivyo anavyolikaribia jibu lake. Mapokeo ya Kikristo yenyewe hayasemi hivyo.

Wito wa kale

Jina la Januari latokana na Janus, mungu wa milango wa Warumi wa kale, aliyechorwa akiwa na nyuso mbili, moja ikitazama nyuma na nyingine mbele. Tangu mwaka 153 kabla ya Kristo, makonsuli wa Roma walianza kazi zao Januari Mosi, na siku hiyo ikawa ya karamu, zawadi, michezo na ulevi.

Wakristo waliishi katikati ya sherehe hizo, na wengi walishiriki. Askofu Augustino wa Hippo, katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, alihubiri siku ya Januari Mosi akiwataka waumini wake wafuate njia tofauti na ya majirani zao: wakati wengine wakipeana zawadi za bahati, wao watoe sadaka kwa maskini, wakati wengine wakilewa, wao wafunge. Mwaka 567 maaskofu waliokutana katika mji wa Tours, Ufaransa, waliikumbuka desturi ya siku tatu za sala mwanzoni mwa Januari, iliyowekwa na waliowatangulia ili kuzikabili mila za kipagani za siku hizo.

Kwa hiyo mfungo wa kwanza wa Januari ulianza kama njia ya kujitenga na anasa na kumkumbuka maskini. Katika karne zilizofuata uzito wake ulipungua, hasa kwa kuwa nchi nyingi za Ulaya hazikuuhesabu mwaka kuanzia Januari. Uingereza, kwa mfano, ilianza kuhesabu mwaka rasmi kuanzia Januari Mosi mwaka 1752. Kabla ya hapo mwaka ulianza Machi 25.

Mkesha na juma la maombi

Mkesha wa mwaka mpya unaojulikana leo una mizizi katika Kanisa la Moravian. Waumini wa kanisa hilo walioishi Herrnhut, Ujerumani, katika shamba la Nikolaus von Zinzendorf, walikuwa na ibada za mkesha tangu mwaka 1733. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891.

John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliichukua desturi ya mkesha. Karibu mwaka 1740 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Kingswood, karibu na Bristol, waliokuwa wamezoea kumaliza usiku katika vilabu vya pombe, walianza kukesha katika sala. Mwaka 1755 Wesley aliongoza jijini London ibada ya kufanya upya agano na Mungu, ibada ambayo baadaye Wamethodisti wengi waliiweka katika siku za mwanzo wa mwaka.

Huko Marekani mkesha ulipata maana nyingine usiku wa Desemba 31, 1862. Watu weusi, watumwa na waliokuwa huru, walikusanyika kungoja tangazo la Rais Abraham Lincoln la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, tangazo lililotiwa saini siku iliyofuata, Januari Mosi, 1863. Makanisa ya Wamarekani weusi yameendelea kuukumbuka usiku huo.

Nalo juma la maombi la mwanzo wa mwaka lilipata nguvu kutoka bara la Asia. Mwaka 1858 wamisionari wa Ludhiana, kaskazini mwa India, walitoa wito kwa Wakristo wa dunia nzima watenge juma moja la kuomba pamoja. Juma hilo lilifanyika kwa mara ya kwanza Januari 1860, na Umoja wa Kiinjili, ulioanzishwa London mwaka 1846, ukaliendeleza mwaka hadi mwaka. Mbali na hilo, kuna Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, linaloadhimishwa Januari 18 hadi 25 katika nchi nyingi, na lililoanza mwaka 1908.

Mfungo wa siku nyingi unaofahamika leo ulienezwa zaidi na uamsho wa karne ya 20. Nchini Korea Kusini, mlima wa maombi wa Osanri, uliofunguliwa mwaka 1973, ulijulikana kwa watu wanaokwenda kufunga humo kwa siku kadhaa. Nchini Nigeria, Winners' Chapel, kanisa lenye makao makuu Ota, huanza mwaka kwa siku 21 za kufunga na kuomba, na matawi yake yaliyo katika nchi nyingine za Afrika hufuata ratiba hiyo. Makanisa ya mtandao wa Every Nation hufunga siku tano kila Januari.

Madhehebu hayafanani

Si kila Mkristo anayefunga Januari. Katika Kanisa Katoliki, Januari Mosi ni Sherehe ya Bikira Maria Mama wa Mungu, na tangu mwaka 1968 ni Siku ya Amani Duniani. Sheria za Kanisa hilo za mwaka 1983 huwataka waamini wafunge siku mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Sheria ya kufunga huwahusu watu wazima kuanzia miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wao wa 60. Anayependa kufunga siku nyingine hazuiwi, ila hufanya hivyo kwa hiari yake.

Walutheri na Waanglikana nao huuweka mkazo wa kufunga katika Kwaresima, siku 40 kabla ya Pasaka. Kwao Januari Mosi, ikiwa ni siku ya nane tangu Krismasi, ni kumbukumbu ya Yesu kutahiriwa na kupewa jina.

Wakristo wa Ethiopia na Wakopti wa Misri wana hali ya pekee. Krismasi yao huangukia Januari 7, nao huitanguliza kwa mfungo wa siku 43. Januari Mosi huwakuta tayari wamefunga, bila uhusiano wowote na mwaka mpya, kwani mwaka wao huanza Septemba.

Siku 21 za Danieli

Makanisa yanayofunga siku 21 huegemea sura ya 10 ya kitabu cha Danieli. Humo inaelezwa kwamba Danieli aliomboleza majuma matatu kamili, bila chakula kitamu, nyama wala divai. Yaelekea alikuwa anakula chakula cha kawaida kisicho na anasa. Aya inayofuata hutaja siku ya 24 ya mwezi wa kwanza, na kwa sababu hiyo wapo wanaouona mfungo huo kuwa wa mwanzo wa mwaka. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba mwezi wa kwanza wa Wayahudi huangukia kati ya Machi na Aprili.

Katika sura hiyohiyo kuna jambo ambalo mara nyingi halipewi nafasi mimbarani. Malaika anapomjia Danieli humweleza kwamba maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza alipoutia moyo wake kufahamu na kujinyenyekeza. Kilichochelewa ni kufika kwa mjumbe, aliyezuiwa siku 21. Kwa mujibu wa simulizi hilo, siku 20 zilizofuata hazikuwa malipo ya kununua jibu. Danieli aliendelea kuomba bila kujua kwamba alikwisha kusikiwa.

Maandiko mengine yanaonesha sababu mbalimbali za kufunga. Esta aliomba Wayahudi wa Shushani wafunge siku tatu bila kula wala kunywa, kwa kuwa taifa zima lilikuwa hatarini kuangamizwa. Ezra alitangaza mfungo kabla ya safari ndefu yenye wanyang'anyi njiani. Nehemia alifunga aliposikia kwamba kuta za Yerusalemu zimebomoka. Watu wa Ninawi walifunga kwa toba. Kanisa la Antiokia lilifunga kabla ya kuwatuma Barnaba na Paulo. Katika Injili ya Mathayo, Yesu anawaonya wanafunzi wake wasikunje nyuso ili waonekane na watu kuwa wamefunga.

Aina za mfungo

Makanisa hutofautiana katika namna ya kufunga, lakini aina zinazojulikana zaidi ni nne. Ya kwanza ni mfungo wa kutwa, ambapo mtu hali chakula tangu asubuhi na hufungua jioni, mara nyingi saa 12. Huu ndio unaofuatwa zaidi na wafanyakazi. Wesley mwenyewe alikuwa akifunga Jumatano na Ijumaa hadi saa tisa alasiri, akifuata mfano wa Wakristo wa karne za mwanzo.

Ya pili ni mfungo wa Danieli, ambao mtu hula mboga, matunda, nafaka na kunde, akiacha nyama, vitamu na vileo. Ya tatu ni mfungo wa maji, usio na chakula chochote isipokuwa maji, kwa siku moja au zaidi. Ya nne ni mfungo mkavu, usio na chakula wala maji. Huu ndio wenye hatari kubwa zaidi, na katika Biblia unatajwa katika nyakati chache mno, kama ule wa Esta, nao ulikuwa wa siku tatu.

Wapo pia wanaofunga kitu kisichokuwa chakula, kama vile televisheni, simu au mitandao ya kijamii, na muda huo wakautumia katika sala. Kwa mgonjwa, mjamzito au mtoto, njia hii humwezesha kushiriki na wenzake bila kuhatarisha afya.

Mwili unapokosa chakula

Mtu anapoacha kula, kwanza mwili hutumia sukari iliyomo katika damu, kisha akiba iliyohifadhiwa katika ini, ambayo humalizika kwa takriban siku moja. Baada ya hapo mwili hugeukia mafuta na, kwa kiasi fulani, misuli. Ndiyo sababu siku mbili au tatu za mwanzo huwa ngumu: kichwa huuma, nguvu hupungua na pumzi hubadilika harufu. Kwa waliozoea chai na kahawa, maumivu ya kichwa huweza kutokana na kuacha vinywaji hivyo ghafla.

Maji ni suala jingine. Mwili huweza kustahimili kukosa chakula kwa muda mrefu zaidi kuliko kukosa maji. Januari ni miongoni mwa miezi ya joto kali jijini Dar es Salaam, na anayetembea juani au kubanana katika daladala hupoteza maji mengi kwa jasho. Mkojo kuwa wa rangi nzito, kizunguzungu unaposimama na mapigo ya moyo kwenda mbio ni dalili za upungufu wa maji. Anayeziona hana budi kunywa maji, na akizidiwa awahi kituo cha afya.

Wapo wasiopaswa kufunga chakula bila kwanza kuonana na daktari. Hao ni wajawazito na wanaonyonyesha, watoto, wazee walio dhaifu, wenye vidonda vya tumbo, wenye matatizo ya figo au moyo, na wagonjwa wa kisukari. Kwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari, kama vile glibenclamide, kutokula kunaweza kuishusha sukari ghafla. Dalili zake ni kutetemeka, kutokwa na jasho jingi na kuchanganyikiwa, na mgonjwa asipopewa kitu chenye sukari mapema huweza kuzimia na hata kufariki. Kwa upande mwingine, kuacha insulini kwa sababu ya mfungo nako ni hatari kwa maisha.

Wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, dawa za kifua kikuu, shinikizo la damu au kifafa hawapaswi kuruka dozi. Kwa magonjwa mawili ya kwanza, kukatisha dawa huweza kuzalisha vimelea sugu, na dawa zilizokuwa zikifanya kazi zikashindwa. Kumeza dawa hakuharibu mfungo wa Kikristo. Hakuna andiko linalosema hivyo.

Mfungo usio na mipaka

Athari za kuivuka mipaka hiyo zilionekana wazi mwaka 2023 nchini Kenya. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi ya wafuasi wa mhubiri mmoja, walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ikiwamo ya watoto. Uchunguzi wa madaktari ulionesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na baadhi walikuwa na dalili za kunyongwa au kukosa hewa. Mhubiri huyo alifikishwa mahakamani na kukana mashitaka.

Tukio la Shakahola ni la kupindukia, na halifanani na mfungo wa kawaida wa Januari. Hata hivyo limeacha maswali ambayo muumini yeyote anaweza kuyauliza anapotangaziwa mfungo. Je, una siku ya mwisho inayojulikana? Je, mtu anaruhusiwa kuacha anapoumwa bila kuitwa mwenye imani haba? Je, wagonjwa wanahimizwa kuendelea na dawa? Je, watoto wameachwa wale? Je, kiongozi anadai fedha ili maombi yajibiwe? Mfungo wenye majibu mabaya kwa maswali hayo umekwisha kuacha njia ya mapokeo.

Wesley, ambaye aliutetea mfungo kwa nguvu, alitoa tahadhari mbili katika mahubiri yake juu ya jambo hili. Alionya kwamba mtu asidhani kwa kufunga anastahili kupata chochote kutoka kwa Mungu, na kwamba mwili usiteswe kiasi cha kushindwa kufanya kazi zake.

Chakula kisicholiwa ni cha nani?

Sura ya 58 ya kitabu cha Isaya ndiyo inayoeleza kwa urefu mfungo unaokubalika. Watu wa wakati huo walilalamika kwamba wanafunga na Mungu hawaangalii. Jibu walilopewa ni kwamba siku ya kufunga walikuwa wakitafuta faida yao na kuwaonea watumishi wao. Mfungo uliotakiwa ni kuwafungua walioonewa, kumgawia mwenye njaa chakula, kumkaribisha asiye na makao na kumvika aliye uchi.

Kwa msomaji wa mjini, maneno hayo hayahitaji tafsiri ndefu. Mwajiri anayefunga siku 21 ilhali mlinzi wake hajalipwa mshahara wa Desemba, au mama mwenye nyumba anayekesha kanisani wakati msichana wake wa kazi hajapewa likizo wala senti ya nauli ya kwenda kwao, yumo ndani ya lawama ya Isaya.

Wakristo wa mwanzo walilipa jambo hilo utaratibu. Katika maandishi ya karne ya pili yaitwayo Mchungaji wa Herma, anayefunga anaelekezwa apige hesabu ya gharama ya chakula ambacho angekula siku hiyo, kisha fedha hizo ampe mjane, yatima au mwenye shida. Hesabu hiyo inawezekana hata leo. Anayeacha chai na vitafunwa vya asubuhi na sahani ya wali ya mchana kwa siku 21 anabaki na fedha ambazo, zikiunganishwa na za wenzake kumi, huweza kutosha kumnunulia mtoto wa jirani sare na madaftari kabla shule hazijafunguliwa.

Namna ya kuumaliza

Kufungua ni sehemu ya mfungo. Aliyefunga kwa kutwa anashauriwa kuanza na maji na matunda au uji mwepesi, kisha baadaye ale chakula cha kawaida kwa kiasi. Aliyekaa siku kadhaa bila chakula anahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Akishindilia ugali, wali na nyama kwa mara moja, madini katika damu, hasa fosifeti, huweza kushuka ghafla na kuuvuruga moyo. Jambo hilo lilionekana kwa mateka na wafungwa walionusurika njaa ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambapo baadhi walifariki baada ya kupewa chakula. Kwa sababu hiyo mfungo wa maji wa siku nyingi haufai kufanywa bila usimamizi wa mtaalamu wa afya, na chakula hurejeshwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Makanisa mengi huhitimisha siku za mfungo kwa ibada ya shukrani na Meza ya Bwana, na waumini hupewa nafasi ya kushuhudia. Wapo watakaosema wamepata kazi au wamepona. Wapo pia watakaoketi kimya kwa kuwa ada bado haijapatikana na mgonjwa wao bado yuko kitandani. Kwa wachungaji, kundi hili la pili ndilo linalohitaji kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndilo linaloweza kushawishika kuongeza siku nyingine saba za njaa. Mchungaji anayejua mapokeo ya kanisa lake atawakumbusha habari ya Danieli, aliyesikiwa tangu siku ya kwanza, na atawaruhusu waende nyumbani wakale.